Sekunde Tisa za Kanda ya Saba

Odessa Pruitt hakuwa mtu wa kupendwa, na sitajisumbua kumpamba. Pale kwenye kliniki ya tiba ya fikra, ghorofa ya nne, katikati ya jiji la Filadelfia, wanafunzi walimwita Bi Arobaini, kwa sababu arobaini ndiyo alama ya kufaulu na yeye alikuwa mchoyo wa kuitoa. Walimwita hivyo akiwa hayupo. Akitokea kwenye korido na kapu lake la kaseti, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, walibana midomo na kumwamkia kwa adabu, naye aliwaitikia kwa kidevu.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mwanafunzi anayesomea tiba anarekodi saa moja na mgonjwa wake, anachagua kanda anayodhani amefanya vizuri kuliko zote, anaileta ipimwe. Odessa anavaa hedifoni na kufungua karatasi yenye vipengele kumi na kimoja, kila kimoja alama sifuri mpaka sita. Je, tabibu alikubaliana na mgonjwa watazungumza nini leo? Aliuliza kama wanaelewana, au alijisemea tu? Alimwongoza agundue mwenyewe, au alimhubiria? Alimpa kazi ya kufanya nyumbani? Mgonjwa akilia, tabibu yuko wapi? Alama zikijumlishwa hazizidi sitini na sita. Chini ya arobaini, cheti hakuna, rudi ukajaribu tena.

Wapimaji wengine sita walikuwa madaktari wa saikolojia wenye vyeti ukutani. Odessa alikuwa na cheti cha kupiga taipu. Alikuja mjini kutoka Orangeburg, Carolina Kusini, akiwa na miaka ishirini, amemshika mkono mdogo wake Vernell, na kwa miaka mingi alipiga taipu kwenye bohari la jeshi la majini. Mwaka 1981 akaingia kliniki kuandika maneno ya kwenye kanda, neno kwa neno, na pumzi zilizoshushwa pia. Pembeni mwa karatasi alikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli, "Hapa mgonjwa ameudhika, daktari hakusikia." Mkuu wa kliniki, Daktari Harlan Ackley, aliyaona maandishi yale ya penseli, akaona ni ya kweli, na mwaka 1987 akamtoa kwenye taipu akamweka kwenye meza ya wapimaji. Tangu hapo alimtambulisha kwa wageni kama kitu alichokivumbua yeye. Alimwita Odessa, jina tupu, mbele ya watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari na mvi. Odessa yeye alimwita Daktari.

Basi, Oktoba ya mwaka 1991, mwanafunzi mmoja aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi. Aliitwa Trudy Wojtas, binti wa Kipolandi wa kule Port Richmond, mwenye mdomo usio na breki.

"Bi Odessa, umenipa mbili kwenye kuuliza kama mgonjwa anaelewa."

"Nimekupa. Najua ninachoandika."

"Na mbili kwenye kumsoma mgonjwa. Jumla thelathini na nane. Umenifelisha kwa alama mbili."

"Umejifelisha mwenyewe. Dakika ya ishirini na sita ulimuuliza yule mama kama mumewe amewahi kumwita mvivu. Akanyamaza. Akasema hapana. Ukasema vizuri sana, mbio mbio kwenye kazi ya nyumbani. Umepita juu yake kama gari la taka."

Trudy akacheka, cheko la mtu anayetafuta ugomvi na ameupata. "Unajua nimejifunza wapi? Kanda ya Saba. Nimeisikiliza mara thelathini, nimeiga mpaka pumzi. Daktari Ackley anauliza, mgonjwa ananyamaza, anasema hapana, Daktari anasema vizuri sana, kazi ya nyumbani. Na wewe umeipa tano pale pale. Mwaka juzi tano, mwaka jana tano. Karatasi zako tunaonyeshwa darasani, eti hivi ndivyo mtu anavyopima."

Odessa akaanza kupanga kaseti zake kapuni.

"Nieleweshe basi," Trudy akasema. "Akifanya mkubwa ni tano, nikifanya mimi ni mbili?"

"Toka ofisini kwangu."

"Natoka. Ila hao wanaokuita Bi Arobaini wamekosea. Wangekuita Bi Ndiyo Bwana."

Kumwambia hivyo mwanamke mweusi aliyezaliwa Orangeburg, kule ambako baba yake alisema ndiyo bwana mpaka siku ya kuzikwa, ni kumtia kidole jichoni. Sidhani kama Trudy alijua. Odessa alikaa na kofia yake kichwani, mikono juu ya meza, akamchukia yule binti kwa moyo wote, na kilichomuuma ni kwamba binti alikuwa amesema kweli.

Kanda ya Saba ilikuwa kanda ya mfano. Ilirekodiwa mwaka 1979, Ackley mwenyewe akiwa tabibu, na ilikuwa na alama rasmi, hamsini na nne. Kila Oktoba wapimaji wote waliisikiliza upya ili kuhakikisha masikio yao hayajapotoka. Ukitoka nje ya alama hamsini na nne kwa zaidi ya tatu, juu au chini, unaondoka mezani. Kwa Odessa kuondoka mezani kulikuwa kuondoka kabisa, maana chumba cha taipu kilishafungwa, kompyuta zimekaa humo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kazi ile ndiyo ilikuwa mahali pekee duniani ambapo watu wenye vyeti walinyamaza kumsikiliza.

Na mgonjwa wa Kanda ya Saba alikuwa Vernell.

Hakuna muujiza hapo. Vernell ndiye aliyemwona yule daktari wa mjini kila Alhamisi kwa miezi mitatu, na ni Vernell aliyeona tangazo la mpiga taipu kwenye chumba cha kungojea, akamwambia dada yake lilipotoka tena. Jina lake lilikuwa la mumewe aliyemkimbia, Tillery, kwa hiyo hakuna aliyewaunganisha. Alipoombwa atie saini kanda itumike kufundishia, alitia, kwa sababu aliombwa. Siku ya kwanza ya mafunzo, Odessa alimtambua kwa maneno mawili. Kanuni ilikuwa wazi: mpimaji akitambua sauti ya mgonjwa, anavua hedifoni hapo hapo na kurudisha kanda. Madaktari sita walikuwa wameizunguka meza ile, na yeye ana saa mbili kazini. Hakuvua. Aliandika ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya majibu, hamsini na nne, na mwaka uliofuata akaandika tena, na tena, na tena. Lilikuwepo jambo la pili, baya zaidi, lililomfanya aandike haraka bila kusikiliza vizuri. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata kanisani, ambako kila Jumapili alisimama mlangoni na glavu nyeupe akiwapangia wenzake pa kukaa.

Jumanne ya zoezi ilifika. Odessa akafunga mlango, akaweka kaseti, na safari hii akaisikiliza kama angeisikiliza kanda ya Trudy.

"Mimi ni mzigo kwa dada yangu," ilisema sauti ya Vernell, changa kwa miaka kumi na miwili.

"Tutazame ushahidi," akasema Ackley. "Dada yako amewahi kukuambia hivyo?"

Odessa akatazama saa ya mkononi. Ndani ya kanda kiti kililia kidogo. Mtu alikohoa nje ya chumba. Zilipita sekunde tisa.

"Hapana," akasema Vernell.

"Kwa hiyo ukitazama ushahidi, hilo wazo ni la kweli?"

"Sawa, kama wewe unaona hivyo."

"Vizuri sana. Sasa tuandike kazi ya nyumbani."

Sawa, kama wewe unaona hivyo. Yeyote aliyelelewa nyumba moja na Vernell anajua maneno hayo. Aliyasema kwa mama, kwa mchungaji, kwa yule mume mwizi wa ujana wake. Ni mlango unaofungwa taratibu ili usikukere. Odessa alirudisha kanda nyuma mara nne, akaandika mbili, na mbili, akaendelea mpaka chini. Jumla thelathini na nane. Aliitia saini na kuipeleka mwenyewe, asije akajuta.

Alhamisi asubuhi Ackley akamwita. Alikuwa na tai ya kipepeo na mkate wa chumvi wenye haradali juu ya karatasi zake.

"Odessa, kaa. Hiki nini?"

"Alama."

"Hizi ni alama za mtu mwenye homa. Umenifelisha."

"Kwa alama mbili. Wapo wengine."

Hakucheka. "Kanda hii wameipima watu arobaini, nchi nzima. Hakuna aliyeshuka chini ya hamsini."

"Watu arobaini waliopewa jibu kabla ya mtihani."

"Kipimo ni makubaliano," akasema, kwa ile sauti yake ya kufundishia. "Ukisikia kitu ambacho hakuna mwingine anakisikia, sisi hatuiti kipaji. Tunaita kosa. Utakwenda chumba cha pili, utulie, uisikilize upya, uniletee karatasi nyingine. Au utoke mezani. Mimi nisingependa utoke."

"Kitabu chako cha mwongozo, ukurasa wa kumi na nne," Odessa akasema. "Mgonjwa akibadilika mbele yako, muulize: nini kimekupitia kichwani sasa hivi? Umeliandika wewe swali hilo. Umelipigia mstari. Sekunde tisa amekunyamazia, na hukuuliza."

"Alikuwa anafikiri."

"Alikuwa anajiandaa kukudanganya."

"Huwezi kulisikia hilo kwenye kanda."

"Ulimuuliza kama dada yake amewahi kumwambia ni mzigo. Akasema hapana. Dada yake alimwambia. Jumatatu, jikoni, na sufuria mkononi."

Ackley akaacha mkate. "Na wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye dada."

Hapo ndipo alipolisema lile jambo la pili, kwa mtu asiyempenda, saa tatu asubuhi, mkate wa chumvi ukiwa katikati yao. Alitegemea dari lianguke. Badala yake akauona uso wa Ackley ukipata nafuu.

"Basi ungeanza na hilo," akasema, karibu kwa upole. Akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya thelathini na nane. "Umetambua sauti, hukustahili kupima. Alama hazihesabiki. Hujapotoka, Odessa, umekosea utaratibu tu. Tutakupa kanda nyingine. Kazi yako iko pale pale. Tumemaliza."

Ungetaka nini zaidi? Mlango ulikuwa wazi, na kanzu ya msamaha imetundikwa tayari. Angetoka na meza yake, na kofia yake, na wanafunzi wa kumwogopa mpaka atakapostaafu. Na Kanda ya Saba ingebaki na hamsini na nne zake, ikiwafundisha akina Trudy wote wa kesho jinsi ya kupita juu ya mtu.

"Na zile nne?" akauliza.

"Zipi?"

"Hamsini na nne, mara nne. Sauti ilikuwa hii hii. Nilimtambua siku ya kwanza, nikanakili jibu. Na wewe ukanizawadia kwa hilo, karatasi zangu zikaonyeshwa darasani."

Ackley alitazama dirishani. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu aliimaliza haraka. "Nikizifuta hizo, hujawahi kufaulu zoezi hata mara moja. Kila kanda uliyoipima kwa miaka minne inarudi kupimwa. Zaidi ya mia mbili. Vyeti vinasimama. Watu wataniuliza ninaendesha kliniki au duka la samaki."

"Watauliza."

"Nenda nyumbani, Odessa. Pumzika mpaka Jumatatu."

"Nipe kalamu."

Hakumpa. Odessa akaichukua mwenyewe, akalivuta faili la mafunzo kutoka rafuni, ambalo alilijua kuliko mwenye nalo, akapiga mstari mwekundu kwenye karatasi ya 1987, ya 1988, ya 1989 na ya 1990, na kando ya kila moja akaandika, kwa mwandiko wake wa mpiga taipu uliosimama wima, "Mpimaji ni dada wa mgonjwa." Kisha saini.

"Umejifukuza mwenyewe," Ackley akasema. "Uelewe hilo. Na Kanda ya Saba inabaki."

"Nilijua itabaki."

Alimwacha akifuta haradali kwenye karatasi. Katika mazungumzo yote yale Ackley hakuuliza Vernell anaendeleaje. Kwenye kipimo hakuna kipengele cha hilo.

Trudy alikuwa kwenye korido, ameegemea mashine ya kahawa, na alikuwa amesikia sauti bila kusikia maneno.

"Karatasi yako imefutwa," Odessa akamwambia. "Watakupima wengine. Utafaulu."

"Asante."

"Usinishukuru, sijakupa kitu. Yule mama bado yuko pale dakika ya ishirini na sita. Kamuulize alinyamazia nini."

"Bi Odessa," Trudy akasema, hana hata chembe ya shukrani, "na wewe umewahi kumuuliza mtu? Au kazi yako ni kuwapima waulizaji?"

Odessa alitaka kumpiga kapu. Alishuka ngazi ghorofa zote nne badala ya kungoja lifti, akapanda treni ipitayo juu ya barabara mpaka mtaa wa 52, na njia nzima maneno yale yalikaa naye kiti kimoja.

Vernell alikuwa jikoni, kama kila siku. Kwenye makaratasi ya kliniki alikuwa amepona. Kila wiki alipewa fomu ya kupima huzuni yake, na kila wiki alijishushia alama mbili tatu, kwa sababu daktari alifurahi zikishuka na alikuwa mtu mzuri, hakustahili kuangushwa. Wiki ya kumi na mbili alikuwa amefika chini kabisa, wakapeana mikono. Tangu hapo alitoka nyumbani kwenda kanisani na kwa daktari wa meno tu. Alikuwa akimenya maharage makubwa kutoka kwenye maganda, bakuli mapajani.

"Mbona umerudi saa hizi?"

"Kazi imekwisha. Nimeifuta mwenyewe."

"Ya nini tena, Dessa?"

"Ile kanda yako na yule daktari."

"Yule mtu mzuri," Vernell akasema. "Amekasirika?"

"Sana."

Odessa akavuta kiti akakaa na koti lake mwilini. Alikuwa amesikiliza watu elfu moja wakiulizana, alijua swali lilivyo na linavyoulizwa.

"Nell. Alikuuliza kama nimewahi kukuambia wewe ni mzigo. Ukanyamaza, kisha ukasema hapana. Pale uliponyamaza, nini kilikupitia kichwani?"

Vernell hakuinua uso. Ganda likafunguka, maharage matatu yakaanguka bakulini, kisha mikono ikasimama. Odessa, ambaye hakuna kimya alichokiacha bila kukipimia sekunde, hakutazama saa.

"Sufuria," Vernell akasema mwishoni. "Ile ya bluu. Uliishika hivi, na uji wa mahindi ndani yake unachemka. Nikadhani utanirushia. Halafu ukasema tu. Nikatamani ungerusha."

"Sikumaanisha."

Odessa aliyangoja yale maneno ya siku zote, sawa, kama wewe unaona hivyo. Ndiyo yaliyokuwa yamewaweka nyumba moja miaka yote.

"Ulimaanisha, Dessa."

Nje lori la mafuta ya kupashia nyumba joto lilikuwa likirudi nyuma, likipiga king'ora chake. Odessa akavua kofia, akaiweka mezani.

"Siku ile, ndiyo," akasema. "Wiki ya tatu hujatoka kitandani, nami natoka zamu mbili. Nilimaanisha. Niliyasema nikiwa na akili zangu."

Vernell akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu chake kilichopotea. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Yule daktari ameniambia hakuna ushahidi, na wewe umekaa kimya. Nilishaanza kuamini sikusikia."